Betri Chini ya Kitambaa Cheupe

Mimi ni mwoga, na sioni sababu ya kuficha. Kule Uvira mama yangu alipenda kusema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nami nikalishika neno hilo kama wenzangu wanavyoshika sala. Durban ilinikuta hivyo. Niliogopa lifti ya jengo letu. Niliogopa zile taxi ambazo wenyeji huzisimamisha kwa ishara ya kidole, kila kidole na njia yake, na mimi sikuijua hata moja. Niliogopa kuongea njiani watu wasije wakasikia lugha yangu. Lakini hofu iliyonifanya nishindwe kumeza chakula ilikuwa juu ya kaka yangu.

Kaka alikuwa akilinda magari South Beach, karibu na tulipoishi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na wengi wa kwetu walifanya kazi hiyo: walimu, wauguzi, mpaka mtu mmoja aliyekuwa hakimu. Wote walivaa vizibao vinavyong'aa, wakawaonyesha wenye magari mahali pa kuegesha, halafu wakangoja mtu ajisikie kuwapa chochote. Siku moja, mchana kweupe, vijana walimjia kaka wakamwambia pale ni pao na yeye arudi kwao. Kaka akawajibu kwa adabu, kwa Kiingereza cha shuleni. Walimvunja vidole vya mkono wa kushoto, mbele ya watu wanaokula aiskrimu. Tangu siku hiyo nikitoka saluni nilikokuwa nasuka nywele nilikuwa nasimama dirishani, ghorofa ya tisa, nikikitafuta kizibao chake pale kwenye robot, kama wenyeji wanavyoziita taa za barabarani.

Kwa hiyo alipopata kazi ya jua nililia kwa furaha, nikapika sombe, kisamvu cha kwetu, na samaki kama vile ni Noeli.

Kazi yenyewe aliipata palepale maegeshoni. Mtu mmoja aliegesha pikapu iliyobeba paneli za jua, na kaka, ambaye kwetu aliangalia friji ya chanjo ya zahanati ya misheni, friji iliyotumia jua, hakuweza kujizuia. Akamwambia yule bwana kwamba paneli zake amezilaza vibaya, zitapasuka njiani. Yule bwana alikuwa na kampuni ndogo na ua wa kuweka vifaa huko Queensburgh. Wiki ileile kaka akaanza kupanda naye milimani.

Serikali mpya ilikuwa imeahidi umeme kwa wote. Nyaya zilikuwa zikivutwa kila upande, lakini kulikuwa na vilima ambako nguzo zingegharimu kuliko nyumba zenyewe, na huko iliamuliwa watu wapewe jua: paneli moja juu ya mti, betri moja ndani ya sanduku, taa chache na tundu la televisheni ndogo. Lengo lilikuwa kubwa, na lilishuka kutoka kwa wakubwa mpaka kwa makampuni, na kutoka kwa makampuni makubwa mpaka kwa wadogo kama bosi wa kaka, kila mmoja na fungu lake la nyumba za kuwasha. Nyumba ilihesabiwa siku taa ilipowaka na mtu wa ofisi akaiona. Ikishahesabiwa, imehesabiwa.

"Na ikizimika?" nilimuuliza kaka. Nilimwita yaya, kama kwetu tunavyomwita aliyetutangulia kuzaliwa, naye aliniita petite, mdogo wake.

"Petite, hapo ndipo iko shida," alisema. "Jua iko bure. Paneli inakaa miaka na miaka, haiombi chakula. Lakini kuweka ile jua mpaka jioni, ni pale pesa yote inaenda. Batterie inakufa. Batu banaangalia televisheni mpaka inakauka, kesho tena, kesho kutwa tena. Inakufa mbele hata hawajamaliza kulipa."

Betri zilizokufa zilimrudia bosi. Mkataba wake ulimtaka azibadilishe, la sivyo hapewi fungu jingine la nyumba, na betri mpya zilimla faida yote. Sijui kama alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebanwa, na mtu aliyebanwa humtafuta wa kumbana naye.

Ndipo kaka akajitolea. Kwetu, vita vilipofunga barabara na betri mpya hazikuja tena, yeye na wenzake pale zahanati walizifufua za zamani. Unamwaga maji yake makali, unaisuuza mpaka tope la madini ya risasi liishe, unatia tindikali mpya, halafu unaichaji polepole, kwa muda mrefu, ukiomba Mungu. Sisi watu wa Congo tuna sifa hiyo, chombo hakifi mpaka tuseme sisi. Bosi akafurahi mno. Akaahidi kwamba kaka akimfufulia shehena ile ya betri zilizokufa atamwajiri rasmi, na barua ya kazi atamwandikia, barua ambayo ingetusaidia kwenye makaratasi yetu ya ukimbizi. Asipoweza, basi, maegesho yapo.

Ila pale uani Queensburgh kulikuwa na wezi wa madini hayo ya risasi, na umeme wa kuchaji mchana na usiku ulikuwa ni gharama. Pale tulipopanga umeme ulikuwa ndani ya kodi ya nyumba. Hivyo betri zikaja kwetu.

Ziliwekwa ukutani, upande wa pili wa kitanda changu, zimepangwa kama matofali. Kaka aliweka ubao juu yake, mbali kidogo ili zipumue, na mimi nikatandika kitambaa cheupe cha kudarizi, kwa sababu mwenye kukodi ile flat alikuwa mama mmoja wa kwetu, mkubwa wa kikundi chetu cha sala, naye asingekubali. Alitupangisha chumba kimoja, na vyumba vingine vilikuwa na familia zilizogawana kwa mapazia. Maman, hivyo tulivyomwita sote, aliona kitambaa akasema sasa chumba kimekuwa na heshima.

Mimi sikulala. Betri zikichajiwa zinatoa sauti, kama sufuria ya wali inayokaribia kukauka. Kaka alinieleza kwamba ile ni gesi, na kwamba gesi ile haina rangi wala huruma.

"Dirisha wazi, moto hapana," alisema. "Ukishika hayo mawili, haina neno."

Niliyashika. Nilipika jikoni kwa wengine, nilipiga pasi sebuleni, nililala dirisha wazi mpaka koo likaniuma. Nilikuwa nikiziamkia betri asubuhi kwa jicho la pembeni, kama mtu anayeishi na mbwa wa jirani. Na bado nilizilinda, maana kila iliyopona ilikuwa inamwondoa kaka kule barabarani.

Jumapili moja, siku moja kabla ya bosi kuja kuzichukua, kaka aliitwa Queensburgh. Alichomeka zile za mwisho akaniambia nisizizime mpaka arudi, zinahitaji kushiba. Alikuwa hajafika hata chini nadhani, maana lifti ilikuwa mbovu, Maman akaingia na kina mama wa kikundi nyuma yake.

"Leo tunasalia hapa," alisema. "Kule sebuleni jirani amepiga tena ukuta. Na kitambaa yako iko tayari kama autel ya kanisani."

Kikundi chetu kilikuwa cha wakatoliki wa kusali kwa nguvu, kwa nyimbo na makofi, na mwangalizi wa jengo alikuwa ameshabandika onyo mlangoni petu: kelele mara moja tena na wote nje. Kwa hiyo Maman alifanya alichofanya kila Jumapili. Alifunga dirisha akakaza kitasa, akaziba chini ya mlango kwa taulo. Kisha akatoa mshumaa mkubwa wa Pasaka uliobaki, akausimamisha juu ya ubao, juu ya kitambaa changu, akauwasha.

Nilisogea karibu na dirisha.

"Maman, joto," nilisema. "Tuache dirisha kidogo."

"Joto ya Roho, mtoto wangu. Vumilia."

"Basi mshumaa tuweke kule mezani."

"Autel iko hapa."

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Lakini ukweli ungezitoa betri nje ndani ya dakika, na sisi pamoja nazo, na kaka angerudi kulinda magari na vidole vyake vilivyopinda. Nikajiambia wataimba wimbo mmoja au miwili nitafute njia. Wakaimba. Chumba kilikuwa kidogo na sisi tulikuwa wengi, mama mmoja kambeba mtoto mchanga mgongoni, na chini ya sauti zao niliisikia ile sauti nyingine ikipanda. Haikuwa ya wali tena. Ilikuwa inatokota.

Halafu ikaja harufu, ya yai viza na chuma. Mama mmoja akakohoa, akaacha kuimba. Mwingine akafunika pua. Nikaona sasa ndiyo nafasi, nikasema kwa sauti, mbele ya wote, kile nilichokuwa nimekificha.

"Maman, chini ya kitambaa kuna batteries za yaya. Inatoa gaz. Mshumaa utatuua. Tuzime, tufungule dirisha!"

Maman alinitazama kwa huruma sana. Nadhani hakusikia hata neno moja zaidi ya "utatuua". Aligeukia wenzake akainua mkono.

"Mnasikia ile harufu? Adui ameingia. Na mnaona anasemea kwa nani. Anataka tuzime mwanga! Anataka jirani basikie, batufukuze! Sali, ba mama, sali sana!"

Wakasali. Sijawahi kuogopa namna ile, wala vita havikuniogopesha hivyo, maana vitani tulikimbia na hapa hapakuwa na pa kukimbilia. Nikapiga magoti nitambae chini ya ubao niifikie swichi ya ukutani. Mama yeyote wa kwetu anajua maana ya mtu anayetambaa kuelekea altare wakati wa sala. Walinikamata wakanilaza chali. Mmoja alikaa juu ya miguu yangu, wengine walinibana mikono, na Maman akaniwekea kiganja kwenye paji la uso akakisukuma mpaka kisogo kikagusa sakafu. Kutoka pale chini niliuona mwali wa mshumaa, na chini yake ukingo wa kitambaa ukichezacheza kwa pumzi ya betri.

Nilipiga kelele kwamba tutakufa. Wakajibu Amina.

Kadiri nilivyosema kweli ndivyo walivyonikaza. Niliona mtoto mgongoni mwa yule mama, kalala, kichwa kimeangukia kando. Sijui mawazo yalitoka wapi. Mwoga ana akili zake. Nililegeza mwili wote mara moja, nikafumba macho, nikatoa sauti kutoka tumboni, nzito, ambayo sikujua kwamba ninayo.

"Ninatoka!"

Kina mama wakainama kunisikiliza.

"Ninatoka," nikanguruma. "Lakini kwa mlango sipiti. Ninatokea dirishani. Fungula dirisha!"

Maman alikuwa amefukuza pepo wengi, hakuwa wa kudanganywa na wa kwanza kusema anatoka. "Jina yako ni nani?" aliuliza kwa ukali. Ndiyo desturi, pepo hutaja jina kwanza.

Mimi na hofu yangu sikuwa nimejiandaa kwa mtihani huo. Nikataja jina la kwanza lililonijia, jina la mwenye jengo letu, yule anayepandisha kodi kila tunapoanza kuizoea. Kina mama wakaguna. Nadhani wengine walikuwa wamemshuku siku nyingi.

"Fungulani!" Maman akaamuru. "Fungula yote, atoke upesi!"

Kitasa kikagoma. Niliwasikia wakikipiga kwa kiatu, na kila pigo nilikaza meno nikingojea mwanga mkubwa. Kisha dirisha likaachia kwa kishindo, upepo wa baharini ukaingia kama kawaida yake pale juu, bila hodi, ukapeperusha pazia na kuuzima mshumaa.

"Kiberiti!" akasema mama mmoja. "Mshumaa umezimika, nani iko na kiberiti?"

"Moto utanirudisha!" nikanguruma, na safari hii sikuigiza, nilikuwa nalia kweli.

"Usiwashe!" Maman akampiga yule mama mkononi. "Usiwashe kitu!"

Wakatega sikio. Betri zilikuwa bado zinachemka, sssss, na upepo ukiingia na kutoka. Maman akatabasamu, jasho linamtiririka shingoni.

"Sikieni," alinong'ona. "Sikieni ginsi anaenda."

Waliponiachia nilitambaa nikafika ukutani nikazima swichi, na hakuna aliyenizuia tena. Walinipa maji ya sukari. Walinifuta uso, wakanikumbatia mmoja mmoja, yule mwenye mtoto akanikumbatia mara mbili. Nilitetemeka mikononi mwao wakasema ni kawaida, nyumba ikishaondokewa na mpangaji hubaki ikitetemeka. Sikuwasahihisha. Siri ya betri nilikuwa nimeipigia kelele mbele yao wote, na bado ilikuwa siri, na kazi ya kaka ilikuwa salama.

Kaka alirudi jua likiwa bado linaonekana. Nilimweleza yote kabla hajakaa. Alicheka, akacheka sana alipofika kwenye jina la mwenye jengo, mpaka akajishika ubavu. Halafu aliinua kitambaa akapitisha kiganja ubavuni mwa betri, moja moja. Pale pembeni, chini ya alama ya nta ya mshumaa, akaondoa mkono haraka. Ile betri ilikuwa imevimba ubavu kama mtu mwenye jino bovu, na bado ilikuwa ya moto.

"Chumba moja ya ndani ya hii batterie imekufa," alisema. "Nilifikiri imepona. Ikiwa hivi haishibi. Unaichaji, inachemka tu."

"Na zile nyingine?"

"Leo ziko nzuri."

"Na kesho?"

Akafuta kiganja kwenye suruali. Ilitakiwa ninyamaze hapo. Kesho asubuhi pikapu ingekuja, betri zingeingia kwenye masanduku milimani kabla ya watu wa ofisi kupita, barua ingeandikwa. Nilikuwa nimelala chini nikikandamizwa mchana ule ili hilo litimie. Lakini mwili wangu ulikuwa bado uko pale sakafuni, na ulimi wa mwoga hauna subira.

"Yaya, kule milimani wanaweka sanduku wapi?"

"Ndani. Karibu na kitanda, kwa sababu ya wezi."

"Na mishumaa wanayo?"

"Kila nyumba. Taa ikizimika si wanawasha mshumaa."

"Basi siku inachemka kule, nani atawafungulia dirisha?"

Kaka aliangalia nje. Chini, watu walikuwa wakirudi kutoka kuogelea, na walinzi wa magari walikuwa wakiwapungia mikono.

"Nyumba nyingine za kule," alisema taratibu, "hazina dirisha."

Nilitaka aseme kwamba atamweleza bosi, na nilijua bosi angesema nini, kwa kuwa lengo lilikuwa limemkaba shingoni. Nilijua pia kwamba betri zikibaki nzima zitapakiwa, awepo kaka au asiwepo. Naye alijua. Akavuta mfuko wake wa vifaa kutoka chini ya kitanda akatoa msumeno wa chuma.

Alianza na ile iliyovimba. Aliweka meno ya msumeno kwenye shina la kichwa cha betri, pale waya unapofungwa, mahali ambapo pakikatwa hakuna fundi atakayeiunganisha tena na kitu chochote. Vidole vyake vya kushoto havikuwa na nguvu ya kuishikilia, ikawa inateleza.

"Zote?" nilimuuliza.

"Nimezifufua zote kwa mkono moja," alisema. "Hii imenidanganya, nyingine zitanidanganya vilevile."

Niliogopa kuliko nilivyoogopa mchana. Niliwaona akilini wale vijana wa maegeshoni, nikawaona wale watu wa aiskrimu wakigeuza shingo. Nilitamani aache, na nilitamani amalize haraka kabla sijamwomba aache. Nikapiga magoti mbele yake, nikaikumbatia ile betri kwa mikono miwili isitikisike, bado ina joto, na yeye akaanza kukata.